Kanda 37 za marehemu baba: nizihamisheje kabla hazijaharibika?

BintiMtoni
Wakuu, salaam. Naomba ushauri, hasa kwa mafundi redio na wazee wetu mliowahi kumiliki deki.

Baba alifariki mwaka jana. Tulipokuwa tunapanga vitu vyake nyumbani Mtoni, tulitoa uvunguni sanduku la bati lenye kanda 37. Karibu zote ni dansi alilorekodi kutoka Redio Tanzania: Sikinde, Msondo, Marijani Rajabu na Dar International. Kila kasha ameliandika kwa kalamu ya bluu, jina la bendi na mwezi, na mengine kaongeza "msifute".

Nilipeleka moja kwa fundi Kariakoo. Aliitia kwenye redio bila hata kuitazama, ikaliwa palepale. Akauvuta utepe kwa kidole mpaka ukakunjamana kama karatasi ya pipi. Nilirudi kwenye daladala nimeipakata, machozi yananilenga. Zilizobaki sijampa mtu, na tano zimeota unga mweupe pembeni. Nifanyeje zihamie kwenye kompyuta salama?

Mdau wa Ilala
Pole kwa msiba dada. Nyimbo hizo nyingi zipo YouTube, tena safi kuliko kwenye kanda. Si uzipakue tu upumzike?

BintiMtoni
Ahsante kaka. Huko nazisikiliza kila siku. Lakini baba alikuwa anaweka redio yetu mezani, redio kaseti ya kuazima mbele yake, halafu anatuamuru tunyamaze. Watoto wanyamaze wapi! Kwenye kanda ya Juni 1986, katikati ya gitaa, bibi anauliza, "Huyu mtoto amekula?" Mtoto mwenyewe ni mimi. Baba aliipiga kila Idi mpaka deki yake ilipokufa. Bibi alifariki 1991, na sauti yake haipo kokote isipokuwa humo.

FundiMstaafu
Pole sana binti yangu. Nimetengeneza redio Tandika miaka 30. Kwanza, usipige kanda yoyote.

Vunja vile vijino viwili vya mgongoni, upande usioonyesha utepe. Vikishatoka, kitufe cha kurekodi hakishiki, hata mtu akikosea. Kisha chukua kalamu ya Bic yenye pembe, itie kwenye tundu, zungusha taratibu uone kama utepe unatembea. Ukigoma usilazimishe. Kama kasha lina skrubu, lifungue. Mara nyingi utakuta kile kisponji cha kubana utepe kimebanduka. Hamishia utepe kwenye kasha la kanda nyingine nzima.

Deki nunua hata iliyotumika, ila ibadilishwe mpira wa kuzungushia kabla hujaweka kanda. Mpira ukilegea, mwimbaji anaimba kama ana usingizi. Hedi, kile kichuma kinachosoma utepe, isafishe kwa pamba na spiriti, na rola, kile kigurudumu cha mpira kinachovuta utepe, kwa maji yenye sabuni kidogo, kila baada ya kanda mbili. Rola chafu ndiyo inayokula kanda, na naamini ndiyo iliyokuliza Kariakoo. Vile vimashine vya bei ndogo vya kuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta nimevifungua vingi. Mota dhaifu, kasi inayumba. Achana navyo.

Za ukungu zitenge, na usizianike juani, kasha litapinda. Ziweke kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Masika ya Dar yakianza, ukungu haulali. Hizo zipige mwisho kabisa, na usafishe deki baada ya kila moja. Kama kuna C120, yaani kanda ya dakika 120, ipe heshima yake: utepe wake ni mwembamba kuliko wa C60 na C90.

SautiKinondoni
Naongezea upande wa kompyuta. Waya utoke kwenye tundu la kutolea sauti nyuma ya deki, si la spika. Kompyuta nyingi za sasa zina tundu la maiki tu, kwa hiyo tafuta kadi ya sauti ya nje inayopokea stereo. Programu ni Audacity, ya bure. Rekodi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa. C90 nzima inachukua kama MB 950, hivyo kanda 37 za namna hiyo hazifiki GB 40. Weka nakala mbili, moja ikae nyumba nyingine. MP3 za kutumiana WhatsApp utatengeneza baadaye. Ile shiii ya kanda Audacity inaiondoa.

FundiMstaafu
Hapo mwanangu nakupinga. Programu haimjui bibi. Sauti ya mbali, ya chini, inaweza kuondoka pamoja na hiyo shiii.

SautiKinondoni
Kweli mzee wangu. Usafishaji ufanyike kwenye nakala, ya kwanza isiguswe.

MamaWaTemeke
Dada, wakusanye shangazi na wajomba wasikilize pamoja nawe, uandike nani anasema nini. Sisi tulichelewa. Tuna kanda ya harusi yenye sauti sita, na aliyekuwa anazijua zote tumeshamzika.

BintiMtoni (wiki tatu baadaye)
Shikamoo mzee Fundi, na ahsanteni nyote. Deki nimepata, mpira umebadilishwa nikiwa nimekaa pembeni naangalia. Nimeshahamisha kanda tisa.

Jana ilikuwa zamu ya Juni 1986. Nilimwita mama. Bibi akauliza swali lake, halafu likaja jambo ambalo kwenye deki ya zamani halikuwahi kusikika: baba anamjibu kwa kunong'ona, "Mama, narekodi." Mama ameniomba nirudishe mara nne.

Ile iliyoliwa bado iko kwenye bahasha. Mzee, utepe uliokunjamana unanyooka?

FundiMstaafu
Marahaba binti yangu. Unanyooka kiasi. Usipige pasi! Uzungushe kwa Bic mpaka mwisho, urudishe, uuache umebana wiki nzima. Kisha piga mara moja tu, huku unarekodi. Penye mikunjo sauti itazama na kuibuka, ila maneno utayapata. Ukiogopa, njoo nayo Tandika tuizungushe pamoja.