Naomba ushauri: Access inakataa kuhifadhi marekebisho kwenye MySQL

Ndugu wanachama, salaam kutoka Moshi. Ninasimamia mfumo wa wavuti wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ambao kumbukumbu zake za wakulima na kilo walizoleta zimo katika hifadhidata ya MySQL kwenye seva ya kukodi. Karani wetu amezoea Microsoft Access (programu ya hifadhidata na ripoti), na kwa kweli ripoti zake za msimu hutoka haraka kuliko zile za mfumo wenyewe. Kwa hiyo niliunganisha majedwali kwa ODBC (kiunganishi cha programu na hifadhidata) kupitia SSH (njia iliyosimbwa ya kufikia seva), bila kuiacha poti 3306, mlango wa MySQL, wazi kwa dunia nzima.

Kusoma hakuna shida. Tatizo ni kuandika: karani akirekebisha uzito wa mzigo, Access humwambia kwamba mtumiaji mwingine amebadilisha rekodi hiyo, ilhali hakuna aliyeigusa. Kila jedwali lina ufunguo msingi (safuwima inayotambulisha kila rekodi), nimewasha chaguo la ODBC la kurudisha idadi ya rekodi zilizolingana badala ya zilizobadilishwa, na nimeunganisha majedwali upya, lakini hali ni ileile. Ninaishuku safuwima ya uzito, kwa kuwa ni ya aina ya FLOAT, ambayo huhifadhi desimali kwa makadirio, na Access hulinganisha thamani za zamani kabla ya kuhifadhi mpya.

Je, niibadilishe iwe DECIMAL (inayohifadhi desimali kamili), au kuongeza safuwima ya TIMESTAMP (inayoonyesha rekodi ilibadilishwa lini) kunatosha? Pili, kwa kuwa Access hupita kando ya ukaguzi wote uliomo kwenye msimbo wa mfumo, mnaonaje nikimwachia karani haki ya kusoma tu?