Baipola na kuhama nyumbani: nikae peke yangu, nishee na rafiki au nichukue chumba kwa dada?

Tuliza_Wimbi (mwanzisha mada)
Habari zenu wapendwa. Nina miaka 27, nina baipola aina ya kwanza, ule ugonjwa wa akili ambao hisia zinapanda juu sana (mania) au kushuka chini sana (sonona), nimeshalazwa mara mbili, ila sasa nina miezi 14 sijayumba, natumia lithiamu usiku, dawa ya kutuliza hizo hisia. Bado naishi kwa mama. Nampenda sana na najua bila yeye nisingefika hapa, lakini kila nikicheka kwa sauti anatoka chumbani kuniangalia usoni, nikilala mchana kidogo anakuja kunigusa paji la uso, yaani mimi sina tena hasira ya kawaida wala furaha ya kawaida, kila kitu ni dalili. Nimepata kazi ya mchana, mshahara unatosha kodi kama sitakuwa mtu wa makuu.

Nimebakiza njia tatu. Kupanga chumba peke yangu, hii ndo moyo unataka. Kushea nyumba na rafiki wa tangu shule, yeye anajua juu juu tu kwamba niliwahi kuumwa. Au chumba kwa dada yangu mkubwa, kina mlango wake wa nje, ila mumewe na watoto wapo. Naomba mnaoishi na hii hali mniambie ukweli.

Nahodha
Hongera kwa miezi 14 mdogo wangu, hiyo si kazi ndogo. Mi nimekaa peke yangu mwaka wa sita sasa, lakini mwaka wa kwanza ulinishinda na nitakwambia ulinishinda wapi. Sio upweke. Ni kwamba hakukuwa na mtu wa kuona sijalala. Usiku wa kwanza nililala masaa 3 tu nikaamka nina nguvu, wa pili masaa 2, wa nne sikulala kabisa na nilikuwa najisikia mzima kuliko siku zote za maisha yangu, nasafisha nyumba saa 9 usiku, napiga watu simu nawaambia nimepata wazo la biashara. Mania haiumi jamani, ndo ubaya wake, ukiumwa tumbo utaenda hospitali mwenyewe lakini huwezi kwenda hospitali kwa sababu umefurahi. Nilimaliza akiba ya miaka miwili ndani ya wiki mbili, na kazi ikaenda.

Niliporudi kukaa peke yangu mara ya pili nilibadilisha vitu viwili. Daftari la usingizi kando ya kitanda, naandika nimelala saa ngapi nimeamka saa ngapi, na kila asubuhi namtumia kaka yangu namba tu ya masaa niliyolala, 7, 6 na nusu, 7. Ikishuka chini ya 5 siku mbili mfululizo anakuja, hapigi simu kuniuliza, anakuja. Na pesa: akiba iko akaunti ya saini mbili, yangu na yake, ya matumizi ya mwezi iko kwangu peke yangu na hapo haniulizi hata senti. Kwa hiyo kura yangu ni peke yako, ila kwa mpangilio huo, bila hivyo usithubutu.

Mama_wa_Watatu
Mimi ni mzazi wa kijana mwenye hali hii, naomba nikuombee radhi kwa niaba ya mama yako. Tunagusa paji la uso kwa sababu mara ya kwanza tulichelewa kuona, na hiyo hatia haitoki. Kwetu kijana alinikalisha chini akaniambia mama niulize swali moja tu kwa siku, sio kumi na tano. Nikachagua la usingizi. Imetusaidia wote wawili.

Lakini kuna jambo la lithiamu ambalo naona vijana mnalichukulia rahisi. Ile dawa nafasi yake ni nyembamba, wengi wanawekwa kati ya 0.6 na 1.0 kwenye kipimo cha damu, ikipanda juu inageuka sumu. Mwanangu aliharisha na kutapika siku mbili, mwili ukakauka maji, yeye akaendelea kumeza dozi ileile kwa sababu alifundishwa asiruke. Alianza kuyumba akitembea, mikono inatetemeka vibaya, anaongea kama amelewa. Angekuwa peke yake chumbani sijui. Na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki nazo zinapandisha, watu wananunua tu bila kumwambia muuzaji wanatumia nini. Kwa hiyo popote utakapokaa awepo mtu anayejua dalili hizo na namba ya daktari, ukianza kuharisha au kutapika mpigie siku hiyohiyo akwambie ufanye nini na dozi. Mimi nasema kwa dada.

Kimya_Kimya
Mnaongelea mania tu, mi nina aina ya pili na kwangu adui ni sonona. Haipomania yangu, yaani mania nyepesi, ni siku nne tano napita nayo, ila sonona inakaa miezi. Niliishi peke yangu, hakuna aliyejua kwamba nimekaa wiki nzima bila kuoga, kazini nilikuwa natuma meseji nina mafua. Kushea na rafiki ndo kuliniokoa, sio kwamba alikuwa ananihudumia, hapana, ila sauti ya mtu anafungua mlango jioni inakufanya uamke ukae. Kitu kidogo hivyo.

Pembeni
Mimi ndiye huyo rafiki upande wa pili, nilishea nyumba na mtu mwenye baipola na sikuambiwa. Sina kinyongo naye hadi leo, lakini usiku mmoja nilimkuta ametoa vitu vyote nje anasema nyumba ina vinasa sauti na mimi ndiye niliyeviweka. Niliogopa sana, nikaita watu wasiofaa, ikawa aibu kwake mtaa mzima. Ningekuwa najua ningempigia mama yake na ingeishia ndani. Dada, kama unaenda kwa rafiki mwambie jina la ugonjwa, mwambie ulilazwa na kwa nini, kabla hajasaini chochote, akikataa bora akatae sasa. Na ukishamwambia usimfanye nesi wa kukuhesabia vidonge, huo ni mzigo utakaoua urafiki.

Mgeni_2
Samahani, miezi 14 si ina maana umepona? Kwa nini usiongee na daktari uache dawa halafu ndo uhame ukiwa huru kabisa

Nahodha
@Mgeni_2 najua umesema kwa nia njema ila hapana. Miezi 14 imekuja kwa sababu ya dawa. Lithiamu ikikatwa ghafla hatari ya mania kurudi inapanda, inaweza kurudi ndani ya wiki au miezi michache tu. Ukitaka kupunguza unapunguza taratibu na daktari. Tena mwaka wa kuhama ndo mwaka mbaya kabisa wa kujaribu hilo, usingizi unavurugika, pesa zinabana, kila kitu kipya.

Saa_Mbovu
Naongeza kuhusu kazi maana bila kazi hiyo kodi haipo. Umesema ni ya mchana, shikilia hapohapo hata wakikuahidi nyongeza kwa shifti za usiku. Mimi nilikubali kuzunguka shifti, wiki mchana wiki usiku, nikapanda mania mara mbili mwaka mmoja, na dawa nilikuwa nameza vizuri tu. Saa ya mwili kwetu sisi ni kitu dhaifu. Sasa hivi nakula, nalala na kuamka saa zilezile hata sikukuu, watu wananiona mgumu, sijali. Na vipimo vya damu, omba ruhusa mapema: cha lithiamu kinachukuliwa masaa 12 baada ya dozi ya mwisho, kwa hiyo ukimeza saa 3 usiku unapima saa 3 asubuhi kabla ya kumeza nyingine, na figo na tezi ya shingoni wanaangalia pia. Usipopanga na bosi utaanza kuruka miadi.

Tuliza_Wimbi
Nimesoma zote, nyingine nimesoma nalia. Mama_wa_Watatu nimempelekea mama maneno yako, amekaa nayo muda mrefu hajasema kitu, halafu asubuhi ameniuliza swali moja tu.

Nimeona nilikuwa naogopa chumba cha dada kwa sababu nilidhani kukubali macho ya mtu ni kurudi utotoni. Lakini Nahodha unaishi peke yako na bado kaka yako ana namba yako kila asubuhi, na hukulazimishwa, ulimpa wewe. Kwa hiyo nachukua kwa dada, kwa mwaka mmoja, na nitalipa kodi kama mpangaji, nimemwambia hilo halina mjadala. Akiba saini mbili. Jumamosi tunakaa naye tuandike dalili zangu, nani anapigiwa, hospitali ipi nataka na ipi sitaki. Kinachonisumbua ni kimoja: nikiwa juu huwa simsikilizi mtu, dada atasema mimi nitasema ananionea wivu. Hiyo karatasi itanisaidia nini wakati huo?

Nahodha
Andikeni na maneno yenyewe atakayotumia, uyachague wewe ukiwa mzima. Kaka yangu haruhusiwi kusema "umeanza tena" wala "umekunywa dawa", nilimkataza. Anakuja, anakaa, ananiambia "lete daftari tusome wote." Mwaka juzi alikuja nikamfokea mlangoni, akasema hivyohivyo, nikaleta ili nimwonyeshe kuwa amekosea. Ilikuwa 4, 3, 3 kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nikavaa viatu tukaenda.