Hivi maktaba ya chuo ifungwe saa 6 usiku watu wakalale?

Mleta_Mada: Wakuu swali ni moja tu. Watu wanakesha maktaba mpaka alfajiri, asubuhi macho yamevimba, hasira, juzi kuna mtu kalia kisa printa imegoma. Mtu mzima anatakiwa alale angalau masaa 7. Chuo kifunge au kila mtu na roho yake?

Kesha_Daima: Mkifunga tutakesha vyumbani na simu. Nina asainmenti tatu wiki hii, nikilala unanifanyia wewe?

Mhenga: Kizazi laini. Sisi tulikesha na hizo stresi hatukuzijua. Siku hizi mtu mzima analala mchana kama kichanga, uvivu mtupu.

Usingizi_Haki: Mhenga hapo umenigusa. Nalala dakika 20 tu mchana, naamka nasoma mpaka jioni, uvivu uko wapi?

Mhenga: 20 zako zinaanza saa 7 zinaisha saa 11. Nawajua.

Usingizi_Haki: Unanijua, ushawahi kuniamsha?

Kesha_Daima: 😂😂😂

Nesi_Mtarajiwa: Mzee Mhenga, kutokuijua stresi si kwamba hamkuwa nayo, mlikuwa mnaiita kiburi au "fulani kabadilika". Alafu Kesha, kahawa ukinywa saa 11 jioni, saa 4 usiku karibu nusu yake bado iko mwilini, ndo maana unajigeuza kitandani unasingizia asainmenti. Na mtu akikaa macho saa 17 mfululizo akili inazubaa kama kaonja pombe, sasa hapo unasoma au unaangalia kitabu?

Kesha_Daima: Kahawa msiiguse. Nimesema KAHAWA MSIIGUSE.

Mazoezi_Kwanza: Dawa ni kukimbia. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 mpaka 300 kwa wiki, za mazoezi ya wastani.

Usingizi_Haki: Huyu naye hata mada ya vidole akija ataleta kukimbia

Kimya_Kimya: Mi huwa nasoma tu siandiki, ila leo. Muhula wa pili nilikuwa silali, sili vizuri, simu ya mama naiangalia inaita mpaka inakata. Nikajua ni uvivu, kama anavyosema Mhenga. Nikaenda kwa mshauri nikitegemea ushauri wa ratiba, akaniuliza nalala saa ngapi, nikajibu. Akauliza nani naongea naye nikiwa vibaya. Nikakaa kimya muda mrefu sana. Maktaba mfunge msifunge, mimi pale ndo palikuwa mahali pekee penye watu saa 8 usiku.

Nesi_Mtarajiwa: Pole ndugu yangu. Sasa hivi simu ya mama unapokea?

Kimya_Kimya: Napokea. Anaongea sana lakini 😅

Kesha_Daima: Kwa hiyo isifungwe, si mmeona! Na kahawa iwepo.

Usingizi_Haki: Mhenga yuko wapi? Hajajibu tangu saa 8 mchana.

Mhenga: Nilikuwa natafakari.

Usingizi_Haki: Na shuka?