Gari za zamani kuchemsha: tupeane uzoefu

Mpwa wa Zedi
Wakuu, nina Datsun 240Z ya 1972 niliyoachiwa na baba mdogo, aina ileile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Naipenda sana. Miezi minne ilinitesa: barabara ikiwa wazi sindano ya joto inatulia katikati, nikiingia foleni ya Ubungo inapanda mpaka nazima. Fundi wa kwanza alibadilisha wota pampu, wa pili akang'oa thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto kupitisha maji kwenda rejeta, kabisa. Bado. Jioni moja nikaizima ikiwa ya moto, nikazungusha feni kwa kidole, ikaenda bure kama pangaboi. Klachi ya feni, ile inayoishika feni izunguke na injini, imekufa. Ikiwa ya moto ilitakiwa iwe nzito. Halafu kava la kuizunguka feni halikuwepo, kwa hiyo ilikuwa inavuta hewa ya pembeni, rejeta haipati kitu. Nimeweka klachi mpya, kava nimechongesha la bati, na thamostati nimeirudisha, ya nyuzi 82.

Yako ilichemkia wapi, kwenye foleni au kwenye mwendo? Tuanzie hapo.

Baba Njeri
Yangu kwenye mwendo, ndugu. Mjini salama, nikielekea Nakuru ikishika 100 inapanda. Rejeta tulifungua mara mbili, safi. Siku moja kijana wangu akakanyaga mafuta gari imesimama, mimi naangalia: hosi ya chini ikajibana ikawa bapa. Huko ndiko pampu inakonyonya. Springi ya ndani ilikuwa imeliwa na kutu. Hosi mpya na springi yake, ikapona.

Mzee wa Ngong
Mfuniko wa rejeta jamani! Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko mzima wa PSI 13 (kipimo cha presha) unaongeza karibu nyuzi 20. Wangu mpira ulipasuka, nikawa namwaga maji kila safari na sindano haijafika pabaya. Nilikuwa nimeshapanga kufungua hedi, kile kichwa cha injini.

Asha MGB
Niko Leicester, MGB ya 1969. Ilichemsha Julai, nikanunua rejeta mpya, haikusaidia. Nikafungua koki ya kumwagia maji ya bloku (mwili wa injini), halikutoka hata tone. Nilipochokonoa kwa waya ilitoka kutu nzito kama uji wa ulezi. Mwenye gari kabla yangu alikuwa anajazia maji ya bomba tu, bila kulanti, dawa ya kuzuia kutu. Nilisukuma maji kwa mpira wa bustani kinyumenyume karibu saa nzima mpaka yakatoka safi.

Mzee wa Ngong
Mpwa, ile miezi minne uliendesha ikichemka mara ngapi? Hedi ya 240Z ni alumini, inapinda. Iwashe ikiwa baridi, mfuniko wazi. Viputo vikitoka mfululizo bila kukoma, gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, imeondoka.

Mpwa wa Zedi
Mara sita au saba, mzee wangu. Kesho alfajiri naitazama kabla sijaitoa nje.