Naomba ushauri: kuinua mbele ya Hilux D4D na kufunga tairi za 31 kwa laki tisa

Mwana wa Isyonje
Wakuu habari za saa hizi, naenda moja kwa moja kwenye mada. Nina Hilux D4D (hiyo D4D ni injini ya dizeli) dabo kebini 4WD, napiga nayo kazi ya viazi kutoka huku juu Kikondo na Igoma nashusha Uyole, Mbeya. Sasa gari imeinama mbele, yaani ukiitazama ubavuni utadhani inanusa barabara, nyuma juu mbele chini, na masika haya njia imechimbika makorongo bampa inakula udongo kila safari. Nataka mbele ipande ilingane na nyuma halafu nitoe hizi 235/75R15 nifunge 31x10.5R15. Bajeti ni laki tisa, ufundi humo humo. Tairi used nimepata nne, moja laki na tisini. Wenye uzoefu inawezekana? Na ni kweli 31 zinakula mafuta? Naomba majibu ya haraka kidogo maana mwenye tairi anasema kuna mteja mwingine anazitaka.

Dogo Sinza
Uza hiyo, ongeza hela, chukua Prado. Maisha ndo haya haya.

Fundi Mwanjelwa
Mkuu kwanza umepima? Usipime kutoka chini hadi kwenye bodi, upepo wa tairi utakudanganya. Tafuta sakafu iliyonyooka, weka futi katikati ya habu, pandisha hadi ukingo wa madigadi, fanya hivyo magurudumu yote manne gari ikiwa tupu. Halafu pakia mzigo wako wa siku zote upime tena, uje na namba hapa. Pikapu inatoka kiwandani mbele ikiwa chini kidogo makusudi, ili ikibeba mzigo nyuma ikae sawa. Ukiilinganisha ikiwa tupu, siku ya mzigo mbele inatazama juu, usukani unakuwa mwepesi mkononi, na usiku taa zako zinawamulika wenzio usoni hata ukiweka za chini.
Na nyuma hapo kumeongezwa springi au ni za kiwandani?

Mama Nasra
Mume wangu alipata ugonjwa huu na kiEscudo chetu. Kwanza tairi kubwa, mara bampa ya chuma, mara taa juu ya paa, sijui anaenda kuwinda nini Mbagala. Tairi zikawa zinasugua madigadi kila akikata kona, fundi akakata madigadi kwa grainda, kutu ikaingia, na ada ya mtoto muhula wa pili nikalipa mimi. Vijana mkipata hela ya biashara irudisheni kwenye biashara. Gari la viazi halihitaji urembo.

Mwana wa Isyonje
Mama Nasra shkamoo, huu si urembo, bampa inagonga.
Fundi, nyuma zimeongezwa pleti mbili kila upande, niliikuta hivyo. Sijapima ila kwa macho tofauti ni kama vidole vinne. Mzigo ni gunia kumi. Lumbesa.
Prado sijaomba.

Mzee wa Greda
Gunia kumi za lumbesa hiyo ni zaidi ya tani kijana wangu, usituambie gunia kumi kana kwamba ni za mkaa.
Sasa hesabu ya tairi. 235/75R15 kimo chake ni kama sentimita 73, hiyo 31 ni kama 78.7. Ukifunga zote nne gari inapanda sentimita mbili na nusu na ushee, lakini inapanda mbele NA nyuma, kwa hiyo kuinama kutabaki vile vile, tairi hazilinganishi gari. Spidi mita nayo itakuwa inasoma pungufu kwa asilimia kama 7, ukiona 80 ujue uko 86 na mwenye tochi hatakuuliza umefunga tairi gani. Mlimani na hiyo tani yako gia uliyozoea kupandia itashindwa utarudi ya chini yake, hapo ndo mafuta yanapokwenda. Halafu rimu, 31x10.5 inataka rimu ya upana wa inchi 7 kwenda juu, za chuma nyembamba tairi inabinuka katikati inaliwa kati tu.
Mi nimeendesha greda tangu mvua za El Nino za 97 na 98, tulikuwa tunavuta pikapu kwenye matope kuanzia alfajiri, na nakuambia zilizokuwa zinatoka zenyewe ni zile tairi nyembamba zinazochimba hadi zikutane na udongo mgumu. Hizi pana zilikuwa zinaelea zinateleza hadi mtaroni. Kuna mhindi mmoja alikuwa na Land Rover 109 tairi kama za baiskeli, hatukuwahi kumvuta.

Kilo Mbili
Mzee hapo kwenye upana sikubaliani na wewe. Kwenye mchanga pana ndo yenyewe, mi niko Rukwa.

Mzee wa Greda
Huyu anazungumzia matope ya Igoma, wewe unaleta mchanga wa Rukwa.

Fundi Mwanjelwa
Turudi kwa mleta mada. Kama nyuma kuna pleti mbili za ziada basi tatizo lako si mbele kushuka, ni nyuma kupandishwa. Toa pleti moja kila upande uone inavyokaa, hiyo ni kazi ya asubuhi moja na haina gharama ya kutisha. Mbele angalia bushi na shokapu. Hiyo pesa ya 31 weka kwenye tairi mpya za saizi yako zenye plai nyingi, yaani tabaka nyingi za kubeba mzigo. Tairi soma ubavuni, ukikuta 109 maana yake kila moja inabeba kilo 1030, used iliyochoka haibebi kilichoandikwa.
Halafu umesema uliikuta hivyo. Uliikuta kwa nani? Na haraka ya nini?

Mwana wa Isyonje
Mbona mnanihoji kama polisi wakuu. Nikitoa pleti sibebi gunia kumi, nitabeba saba, nikibeba saba hesabu haitoki.
Ukweli ni kwamba fundi wangu wa huku ameshaanza kazi. Jana amekaza bolti za tosheni ba, zile rodi ndefu za mbele zinazoenda kushika nyuma kwenye chesesi, na mbele imepanda vizuri sana, sasa hivi ukiiona imesimama kiume. Sema imekuja na mlio, nikishuka kwenye shimo inagonga KO KO juu kule kama chuma na chuma. Yeye anasema itazoea. Tairi nimeshatoa advansi laki nne. Kwa hiyo swali langu ni moja tu, 31 zitaingia au hazitaingia?

Dada Tausi
Subiri kwanza. Bajeti laki tisa, advansi laki nne, fundi ameshafungua gari, halafu unaomba ushauri? Ushauri wa nini sasa?
Na hiyo "hesabu haitoki" ni hesabu ya nani? Mwenye gari lake hasemi hesabu. Gari ni yako?

Shombo la Feri
😂😂😂 Dada Tausi kapiga penyewe

Kilo Mbili
Jibu swali mkuu. Kadi ina jina la nani?

Mwana wa Isyonje
Gari ni ya mkataba. Napeleka laki mbili na nusu kwa wiki, miaka miwili ikiisha inakuwa yangu, nimebakiza mwaka na kitu. Kwa hiyo ni yangu tu, bado makaratasi.
Tajiri yuko Iringa hajui na sioni sababu ya kujua, kwa sababu naiboresha gari yake siiharibu. Pesa ndo hivyo, wiki mbili hizi sijapeleka hesabu, nimemwambia gari iko gereji. Na kweli iko gereji.

Shombo la Feri
"Na kweli iko gereji" 😂😂 huyu wakili wake nani

Mama Nasra
Mwanangu mpigie simu huyo tajiri leo leo. Mdogo wangu alinyang'anywa bajaji ya mkataba zikiwa zimebaki wiki sita amalize, sababu tu alibadilisha turubai bila kusema. Mkataba wako umeandikwa wapi? Kwa mwanasheria au kwenye daftari? Yule wa kwetu ulikuwa kwenye daftari na daftari alikuwa nalo tajiri.

Mwana wa Isyonje
Upo kwa mwenyekiti wa mtaa, una muhuri. Hakuna sehemu imeandikwa nisiguse tairi. Imeandikwa matengenezo madogo ni ya dereva.

Dada Tausi
Kukaza chuma cha mbele mpaka kinalia KO KO ni matengenezo madogo?

Jicho la Bundi
Wakuu mnapoteza muda hapa, hii ni CHAI na haina hata sukari.
Moja, anasema Hilux D4D halafu fundi amekaza tosheni ba. D4D ni Vigo, na Vigo mbele ina springi za duara na shokapu humo ndani, haina tosheni ba hata ya dawa. Ukitaka kuinua Vigo unaweka spesa juu ya shokapu. Huyo fundi alikaza nini?
Mbili, ID hii mwezi uliopita ilikuwa inauliza boda gani nzuri kati ya mbili za kichina. Mwezi mmoja umetoka kwenye boda hadi pikapu ya mkataba yenye karibu mwaka barabarani?
Tatu, angalia alivyotaja bei na saizi mapema, kesho atakuja ID nyingine aseme "mi ninazo hizo 31 njoo inbox". Tumeziona hizi.

Kilo Mbili
Duh. Hapo kwenye tosheni ba kweli. Mleta mada njoo ujibu.

Shombo la Feri
Nilianza kumuonea huruma mimi jamani, nilitaka hata kumchangia

Dogo Sinza
Weka picha. Uzi wa gari bila picha ni batili.

Mzee wa Greda
Bundi punguza spidi. Vigo imeanza 2004. Kabla yake kulikuwa na Hilux za Thailand wanaziita Tiger, na zile za mwisho mwisho zilikuja na injini ya D4D. Bodi ya zamani, mbele tosheni ba. Ziko chache lakini zipo, mjini mtu anasikia D4D anadhani Vigo tu. Hata tairi anazotaja ni za rimu 15. Kwa hilo kijana hajadanganya.

Jicho la Bundi
Sawa mzee, na boda je?

Mwana wa Isyonje
Boda nilikuwa namuulizia mdogo wangu, nenda kasome ule uzi hadi mwisho nimeandika. Mi sina muda wa kutunga, mi nauza viazi. Picha hizi hapa, ya kwanza gari, ya pili tairi ya mbele kulia, ya tatu hizo 31 ziko dukani kwa jamaa, kashata, yale meno ya tairi, bado ziko nzima kabisa vidole vinazama. Sasa mniombe radhi.

Kilo Mbili
Tiger kweli. Na imepanda kweli, mbele iko juu kuliko nyuma sasa 😂

Fundi Mwanjelwa
Mkuu nimevuta picha zote.
Picha ya pili, tazama upande wa ndani wa rimu, kuna mstari mweusi wa grisi umerushwa kuzunguka wote. Hiyo ni raba ya sivijointi, kile kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu la mbele, imepasuka. Bolti zimekazwa hadi mwisho, shafti imekaa kwa pembe kali, raba imekunjwa upande mmoja ikachanika. Mchanga ukishaingia humo ndani sivijointi haina muda mrefu. Na hiyo KO KO ni mkono unaoshika gurudumu umefika mwisho wa kushuka, gurudumu likiingia shimoni halina pa kwenda linagonga kizuizi. Haitazoea. Kukaza tosheni ba hakuongezi nguvu ya rodi, kunahamisha tu pale gari inaposimama, ulichopata juu umekipunguza chini.
Picha ya tatu, kwenye ubavu wa tairi baada ya herufi DOT namba za mwisho, ndo tarehe ya kutengenezwa, ni 3311. Wiki ya 33 ya mwaka 2011. Kashata ziko nzima kwa sababu tairi lilikaa stoo, ila mpira umeshakauka, ukikuza picha utaona nyufa ndogo ndogo chini ya herufi. Hilo ubebee tani ya viazi ushuke nalo Uyole?

Mwana wa Isyonje
Nyufa ni za rangi ya kung'arishia, jamaa kasema.
Na laki nne zangu?

Dada Tausi
Jamaa atasema nini kingine na laki nne anazo?

Fundi Mwanjelwa
Laki nne kadai, mwambie umeona 3311, kama ana aibu atarudisha au atakupa saizi yako ya miaka ya karibuni. Kuhusu gari fanya hivi. Inua mbele kwa jeki, weka stendi, magurudumu yaning'inie, bolti za tosheni ba zitie alama ya rangi zilipo sasa, halafu legeza kidogo kidogo pande zote, shusha, itikise bampa, isukume mbele na nyuma ndo upime kutoka kwenye habu. Kulia na kushoto bolti hazitalingana zamu, usishangae, fuata kipimo cha habu. Ikisimama, gurudumu liwe bado lina kama inchi moja na nusu ya kushuka. Raba badilisha sasa hivi, raba ni bei ndogo kuliko sivijointi nzima. Kisha alaimenti, usiruke hiyo, la sivyo hata tairi mpya zinaliwa upande mmoja kabla masika hayajaisha. Taa nazo zishushwe ukiwa na mzigo.

Mwana wa Isyonje
Inchi moja na nusu bampa si itagonga tena?

Mzee wa Greda
Bampa fungua. Ile ya plastiki ya chini ina bolti kadhaa tu, iweke stoo hadi kiangazi. Bure.

Mwana wa Isyonje
Hiyo naweza. Pleti sitoi lakini.
Jamaa wa tairi kasema pesa hairudi ila anaweza kunibadilishia 235 mbili za 2021, mbili niongeze laki na nusu. Niende?

Fundi Mwanjelwa
Nenda, ila soma DOT mwenyewe ukiwa umezishika, na kagua ndani kama zimewahi kuzibwa ubavuni. Tajiri umempigia?

Mwana wa Isyonje
Jumapili.

Jicho la Bundi
Jumapili ya lini

Punda wa Mbarali
Samahani kuingilia wakuu. Hizo 31 za 2011 kwenye mkokoteni wa punda zinafaa? Mi rimu 15 ninazo mbili. Mleta mada nitumie namba ya jamaa inbox.