Injini ya mvuke ya Kimarekani kwenye reli ya pwani: nisimame wapi?

MoshiWaTororo
Wakuu, mwezi wa tatu nitakuwa Uingereza, nataka kupiga picha West Somerset Railway, reli ya kihistoria ya treni za mvuke kusini-magharibi mwa Uingereza. Injini mgeni (ya kuazimwa) ikiwa S160, zile nyeusi za Marekani za wakati wa Vita vya Pili, nawezaje kupata injini na bahari pamoja? Lenzi ni za milimita 24–70 na 70–200.

LenziJinja
Kati ya Dunster na Blue Anchor bahari iko kaskazini ya reli. Simama upande wa bara, jua libaki mgongoni, na utafute mahali palipoinuka, la sivyo mabehewa yataifunika bahari yote. Saa sita mchana isikutishe. Huku Kampala jua linakaa utosini, magurudumu yanazama kivulini. Kule mwezi huo linafika nyuzi 40 hivi tu.

Ila hapo ni tambarare. Dereva akifunga mvuke, dohani haitoi kitu, na injini inaonekana kama imeegeshwa. Moshi utaupata treni ikitoka Blue Anchor kwenda Washford, mwinuko wa 1 kwa 65, yaani reli inapanda mita 1 kila mita 65. Nenda asubuhi: jua linaipiga usoni, na baridi inaufanya mvuke uwe mweupe na mzito. Uliza kwanza dohani inaelekea wapi, maana ikija kinyumenyume utapiga tenda, kile kibehewa cha makaa na maji.

FundiShata
Mwendo hauzidi maili 25 kwa saa, kama kilomita 40. Ikija kwa mshazari, shata ya 1/500 ya sekunde inatosha. Ikikupita ubavuni, 1/1000. Kwa magurudumu yanayozunguka, 1/40 huku ukiifuata kwa kamera. Jizoeze kwa boda boda, spidi ni ileile.

Tumia shata ya kimekanika. Ya kielektroniki husoma kihisi mstari kwa mstari, magurudumu yanapinda. Weusi wa injini nao huidanganya kamera iongeze mwanga, mvuke ukaungua: punguza mwanga kwa stopu 2/3 (stopu moja ni kupunguza mwanga nusu), piga RAW, yaani faili ghafi la kamera. Piga mfululizo, uchague fremu ambayo vyuma vya kuunganisha magurudumu viko chini.

MoshiWaTororo
Asanteni. Polaraiza, ile filta ya kupunguza mng'ao, je? Na chumvi ya bahari?

LenziJinja
Polaraiza iache begini, inakula stopu moja na nusu hadi mbili. Chumvi usiifute kwa kitambaa kikavu, chembe zake zinakwaruza kioo. Puliza kwanza, kisha pangusa kwa kitambaa chenye maji safi kidogo. Na uzio wa reli usiuruke, ssebo. Kule ni kosa kisheria.