Nimemfariji rafiki yangu Msabato naona kama nimemuumiza

BintiKirumba:
Habarini wapendwa, mimi Mkatoliki, nauza nyanya na rafiki yangu Msabato hapa Mwanza mwaka wa sita huu, meza zetu zimeshikana. Wiki iliyopita kafiwa na mama yake, nikaenda msibani nikamshika mkono nikamwambia shoga usilie, mama yuko mbinguni anakuona, na Jumapili nimemtolea nia ya misa. Akanyamaza. Akautoa mkono taratibu akaanza kukunja kanga ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Sasa naogopa hata kurudi, nimekosea wapi jamani?

Msabato_Musoma:
Pole dada, najua ulimaanisha mazuri. Sisi tunaamini aliyekufa kalala hajui neno lolote, Mhubiri 9:5, kwa hiyo ukisema mama anamwona unamchanganya tu, na misa ya marehemu kwetu hakuna. Kinachotubeba ni ufufuo. Soma naye 1 Wathesalonike 4 kuanzia 13, ile ya 18 yenyewe inasema farijianeni kwa maneno hayo. Mbona hata nyie mnasali "ufufuko wa miili" kwenye Kanuni ya Imani, anzia hapo.

jembe_la_parokia:
Kwa hiyo tuache kuombea marehemu kisa wao hawana Wamakabayo, kitabu kinachosema kuombea wafu, kwenye Biblia yao??

Msabato_Musoma:
Nani kasema uache mkuu, ombea huko parokiani hadi uchoke, ila mfiwa si mtu wa kubishana naye.

mzee_wa_sengerema:
Mnaongea sana nyie. Dada peleka mboga. Ila usipeleke kambale, hawali samaki asiye na magamba, mimi nilishapeleka ndoo nzima wakanishukuru vizuri kabisa, jioni naikuta nyuma ya choo haijaguswa 😂 Chukua sato. Na Ijumaa jua likishazama usiende na daftari la michango, sabato imeingia hiyo.

BintiKirumba:
Mrejesho. Jana nimeenda na sato wanne, sikuhubiri chochote, nikakaa jikoni nakwangua magamba. Akaja akakaa na yeye akachukua kisu, tukakwangua wote kimya. Baadae ndo akauliza, ile misa mlishasali? Nikasema ndio. Akasema haya, asante kwa kumkumbuka mama, akaanza kunisimulia mama alivyokuwa anamchapa yeye akiimba kwaya kwa sauti ya pua, tukacheka mpaka shangazi yake akachungulia. Jumatatu anarudi mezani.